Mwalimu anaburuta kadi ya kipindi lakini hajui kama kisanduku kinakubali au kinakataa. Naombeni msaada

FundiUyole

Wakuu habari zenu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana nimekwama pabaya na kazi yenyewe naipenda.

Ninajenga programu ya kwenye kivinjari ya kupanga ratiba ya vipindi, kwa ajili ya shule moja ya sekondari huku Mbeya. Mikondo 8, siku 5, vipindi 8 vya dakika 40 kwa siku: jumla visanduku 320. Mtumiaji wangu mkubwa ni mwalimu wa taaluma. Miaka yote amekuwa akitandaza manila mezani, anakata vikadi, kila mwalimu na rangi yake, anavisogezasogeza mpaka vipindi viache kugongana, ndipo anavibandika kwa gundi. Siku nilipomkuta katikati ya vile vikadi niliona hii ni kazi ya kuburuta na kudondosha, hakuna ubishi. Nikaijenga hivyo: kadi pembeni, jedwali katikati.

Juma lililopita nilikaa naye ofisini kwake saa moja na nusu, yeye anatumia, mimi natazama tu bila kumsaidia. Niliumia.

Alishika kadi ya Fizikia ya Kidato cha Tatu B, akaipeleka Jumatano kipindi cha 5. Kisanduku kikawaka kijani, kikazima, kikawaka, kikazima, na mkono wake wala haukuwa unahangaika. Akanigeukia: "Inakubali au inakataa?" Nikanyamaza kama nilivyojiapiza. Akaachia. Kadi ikakaa. Akachukua kadi nyingine, na baada ya kama sekunde mbili ile Fizikia ikaondoka yenyewe ikarudi pembeni, kwa sababu seva ndiyo iliyogundua kwamba mwalimu wa Fizikia saa hiyo yuko Kidato cha Kwanza A. Yeye hakuiona ikiondoka. Akaja kuikuta pembeni baadaye, akaipeleka palepale tena. Mara tatu alifanya hivyo.

Dirisha la ofisi yake linatazama magharibi. Ilipofika saa tisa jua likapiga skrini ya kompyuta mpakato, na kile kijani hafifu na ile pinki hafifu nilizozichagua usiku nikiwa na taa, zote zikawa rangi moja ya maziwa. Tukajaribu kwenye simu yake: ukurasa mzima ukateleza, kadi ikabaki pale pale.

Kabla sijaondoka aliniambia neno ambalo bado ninalo kichwani: "Kwenye manila nilikuwa naona nafasi zote kwa pamoja. Hapa mpaka nibishe hodi kila mlango ndipo niambiwe kuna mtu."

Msimbo wangu ni wa kawaida. Nasikiliza dragenter (tukio la kadi kuingia juu ya kisanduku), naongeza darasa la CSS (mapambo ya ukurasa) la kijani. Nasikiliza dragleave (kadi kutoka), naliondoa. Kwenye drop (kadi kuachiwa) natuma kwa seva iangalie mgongano. Sijatumia maktaba ya mtu. Naomba mnielekeze: huyu mwalimu aone nini, na aone wakati gani?

---

Kibodi88

Mkuu, hilo la kuwaka na kuzima lina sababu moja. Ndani ya kisanduku chako lazima kuna vitu vingine: jina la somo, jina la mwalimu, labda namba ya chumba. Kishale kikitoka kwenye sehemu tupu ya kisanduku kikaingia juu ya maandishi, kivinjari kinahesabu kwamba umehama. Inatangulia dragenter ya maandishi, inafuata dragleave ya kisanduku. Wewe ukiisikia dragleave unafuta kijani, kumbe mtu bado yuko ndani ya nyumba, amehamia chumba kingine tu.

Wengi hutibu kwa kuhesabu: ongeza moja akiingia, punguza moja akitoka, futa alama ikifika sifuri. Nilitumia njia hiyo muda mrefu. Inafanya kazi mpaka siku utakapochora upya kisanduku wakati kadi bado imeshikwa. Kile kitu cha ndani kinatoweka bila kuaga, hesabu inabaki na moja ya ziada, na kijani kinaganda pale mpaka ufungue ukurasa upya.

Siku hizi nakumbuka kitu kimoja tu kwa jedwali lote: kisanduku kilicho hai. Kwenye dragenter natafuta td (kisanduku cha jedwali) ya karibu kwa amri ya closest. Ikiwa ni ileile, sifanyi kitu. Ikiwa ni nyingine, naivua alama ya zamani naivisha mpya. Ndani ya jedwali dragleave siisikilizi kabisa. Ila kwenye dragend (mwisho wa mburuto) usafishe kila kitu, maana mtu akibonyeza Esc tukio la drop halitokei.

Na kama alama yako ni border (ukingo ulio sehemu ya kisanduku), badilisha uweke outline (mstari unaochorwa kukizunguka). Border ya pikseli 2 inakula nafasi, kisanduku kinanenepa, safu nzima inasogea, na mtu anayelenga anaona shabaha inamkimbia. Outline haigusi vipimo.

---

BintiPangani

Kaka FundiUyole, hongera kwa kukaa ukanyamaza saa moja na nusu. Najua inavyouma. Nami nimejenga jedwali kama hilo la zamu za wauguzi, na karibu makosa yako yote niliyafanya kwa mkono wangu, kwa hiyo nitakuandikia kwa kirefu.

Kibodi88 amekutibia kuwaka na kuzima, na yuko sahihi. Lakini hata kijani kikitulia tuli, mwalimu wako atabaki anabisha hodi mlango kwa mlango. Wewe umeweka mrejesho pale kadi inapopita juu ya kisanduku. Uhamishe uwe pale kadi inaponyanyuliwa. Akishaishika tu, kabla hajaisogeza hata sentimita moja, jedwali lote limjibu.

Angalia hesabu yako mwenyewe. Kadi ya Kidato cha Tatu B haina njia ya kutua kwenye mikondo mingine 7. Hivyo visanduku 280 vififie mara moja, akili yake iache kuvitazama. Vinabaki 40. Katika hivyo 40, ratiba nzima tayari unayo ndani ya kivinjari, umeichora wewe. Tengeneza orodha ndogo inayosema mwalimu fulani, siku fulani, kipindi fulani, yuko mkondo gani. Kadi ikinyanyuliwa unauliza maswali 40 kwenye orodha hiyo, na kompyuta mpakato yoyote itakuwa imemaliza kabla fremu inayofuata haijachorwa, yaani kabla ya milisekunde 16. Seva haihusiki hapo. Seva iachie kazi ya kuhifadhi na kuthibitisha.

Sasa, kisanduku kinachokataa kiseme kwa nini kinakataa. Usiishie kwenye rangi. Andika humohumo ndani: "Yuko I A". Maneno mawili matatu yanatosha, walimu wanayasoma haraka kuliko sisi. Kisanduku kilicho wazi kibaki cheupe chenye ukingo mzito wa rangi ya giza. Kilichofungwa kiwe na mistari ya mshazari, unaipata kwa repeating-linear-gradient ya CSS bila picha yoyote. Ukifanya hivyo, jua la saa tisa likipiga, mistari bado inaonekana na maneno bado yanasomeka. Miongozo ya WCAG 2.1 ya mwaka 2018, ile ya kuwezesha watu wote kutumia tovuti wakiwamo wenye ulemavu, inataka alama za aina hii zitofautiane na kinachozizunguka kwa angalau 3 kwa 1, na kabla ya hapo ilishakatazwa habari kubebwa na rangi peke yake. Mimi nilikuwa nadhani hayo ni masharti ya watu wa ofisi kubwa. Nilikuja kuyaelewa siku muuguzi mmoja aliponiambia kwamba kijani changu na nyekundu yangu kwake ni kahawia mbili.

Kuna mitego mitatu utakayoikuta ukiandika hayo, na kila mmoja ulinilia siku nzima.

Utataka wakati wa dragover (kadi ikiwa inapita juu ya kisanduku) usome kadi gani imeshikwa kutoka kwenye dataTransfer (mfuko wa kivinjari wa data ya mburuto). Utapata patupu. Kivinjari kinaifunga ile data mpaka kadi idondoshwe, kinakuonyesha aina yake tu, ili ukurasa unaopitiwa juu usichungulie mzigo wa mtu. Kwa hiyo kwenye dragstart (mburuto unapoanza) weka utambulisho wa kadi mahali pako mwenyewe, usome hapo.

Utataka kadi ya asili ififie ili mtu akumbuke alikoitoa. Ukiififisha ndani ya dragstart, na ile picha inayofuata kishale itatoka imefifia, kwa sababu kivinjari kinaipiga picha kadi mara tu tukio hilo linapoisha. Subiri kidogo, setTimeout ya sifuri inatosha, ndipo ufifishe. Halafu pale kwenye asili usiache uwazi mtupu. Acha kivuli chenye ukingo wa nukta. Mtu akibadili mawazo njiani anataka kuona nyumbani ni wapi.

Na kishale. Mburuto wa asili wa kivinjari hausikii cursor ya CSS ukishaanza, unasikia dropEffect (aina ya udondoshaji inayokubaliwa). Kivinjari kwa kawaida yake kinakataa, na wewe ndiye unayekubali kwa kuita preventDefault (amri ya kuzuia kawaida hiyo) kwenye dragover. Watu wengi wanaiita kila mahali ili drop ifanye kazi, matokeo yake kishale kinasema ndiyo juu ya kisanduku ambacho kitakataa. Iite kwenye visanduku vilivyo wazi tu. Kwingine kishale kitaweka chenyewe alama ya kukataza. Na akiachia hapohapo kwenye kukataa, dragend itakuja na dropEffect ya none. Wewe unajua kisanduku kilichokuwa hai, basi maneno yake ya "Yuko I A" yaongeze unene kwa sekunde moja hivi. Atakuwa amejibiwa palepale alipotazama.

Sasa ile Fizikia iliyotoroka nyuma ya mgongo wake. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote uliyoeleza, kwa sababu skrini ilimwambia imekaa, kisha ikamgeuka. Kadi ikidondoshwa itue mara moja, sawa, ila kwa ukingo wa nukta mpaka seva ikubali, ndipo ukingo ukamilike. Seva ikikataa, labda kwa sababu makamu wake naye amefungua ratiba hiyohiyo kwingine, usiirudishe kadi kimyakimya. Iache palepale, ivae ukingo mzito, iandikwe "Haijahifadhiwa" na sababu yake, na umpe kitufe cha kuirudisha. Kadi iliyokwisha kutua isihame tena bila mkono wa mtu. Na kama kuna safari yoyote ya kadi kwenye skrini, iwe ya milisekunde 200 hivi, na uheshimu mpangilio wa prefers-reduced-motion (punguza mwendo) kwa wale ambao mwendo kwenye skrini unawapa kizunguzungu.

Nimesema mengi. Kuhusu simu nitarudi jioni, nina mtoto wa kumchukua shule.

---

FundiUyole

Dada BintiPangani, nimeisoma mara mbili na nimeinakili kwenye daftari. Leo nimeweka ile ya jedwali lote kujibu kadi inaponyanyuliwa, na hata mimi niliyeijenga nimeona tofauti. Kibodi88, outline imetuliza jedwali, ahsante sana mkuu.

Limebaki swali moja lililonijia nilipokuwa naandika. Kisanduku kikiwa tayari kina kadi, na mwalimu akadondosha nyingine juu yake, je, ile ya zamani itolewe irudi pembeni, au zibadilishane nafasi? Kwa sasa naitoa, ila sina hakika.

---

Mwl_Taaluma

Habari za kazi wanangu. Mimi si fundi wa kompyuta, ni mwalimu wa taaluma mstaafu, nimepanga ratiba miaka mingi kwa manila hiyohiyo mnayoisema. Nitajibu hili la kubadilishana kwa sababu ndiyo kazi yetu hasa. Kuweka kadi kwenye nafasi tupu ni asubuhi ya kwanza tu. Baada ya hapo nafasi tupu hakuna, unabadilisha tu.

Nilipotaka kubadilisha Hisabati ya Jumatatu na Jiografia ya Alhamisi, nilikuwa naweka kidole cha mkono mmoja hapa na cha mkono mwingine pale, halafu natazama safu zote mbili. Kosa la mwalimu kijana ni kutazama upande mmoja. Anaona mwalimu wa Hisabati Alhamisi ana nafasi, anafurahi, anabadilisha. Kumbe mwalimu wa Jiografia Jumatatu saa hiyo yuko darasa lingine. Anagundua Jumatatu asubuhi, darasa moja halina mwalimu.

Kwa hiyo kijana, mashine yako itazame pande mbili kabla ya kusema ndiyo. Na mkinionyesha, mnionyeshe pande zote mbili kwa wakati mmoja: hii inakwenda wapi na ile inakwenda wapi. Kadi isiwahi kutupwa nje bila mimi kuitoa. Kadi iliyotupwa pembeni katikati ya kazi husahaulika, na kipindi kikisahaulika kwenye ratiba ni wanafunzi wanaokikosa muhula mzima.

---

BintiPangani

Shikamoo mwalimu. Hapo umemaliza, mimi nisingelisema vizuri hivyo.

FundiUyole, kwa lugha ya skrini: kadi iliyoshikwa ikifika juu ya kisanduku chenye kadi, kisanduku kile kiwe na alama tofauti kabisa na ya nafasi tupu. Mimi naisogeza kadi iliyokaa kidogo, kama pikseli 6, kuelekea ilikotoka hii iliyoshikwa, na kwenye kile kivuli cha nukta nyumbani linatokea jina la kadi inayokuja: "Jiografia itakuja hapa". Mtu anasoma matokeo kabla hajaachia. Ikiwa upande wa pili unagongana, mistari ya mshazari iwe kwenye kivuli cha nyumbani, siyo kwenye kisanduku alichokilenga, kwa sababu tatizo liko kule. Isogeze kwa transform ya CSS, siyo kwa kubadili vipimo, na kile kinachosikiliza mburuto kiwe kisanduku chenyewe ambacho hakisogei. Vinginevyo kadi itakimbia kutoka chini ya kishale, irudi, ikimbie, irudi.

Sasa simu. Usijaribu kuulazimisha ule mburuto wa asili. Ulizaliwa kwenye kivinjari cha Internet Explorer 5 mwaka 1999, ukaingizwa kwenye kanuni za HTML5 ukiwa na tabia zake zilezile, na wakati ule mkono wa mtu ulikuwa juu ya mausi. Kwenye simu tumia matukio ya pointa: pointerdown, pointermove, pointerup. Ukurasa wako uliteleza kwa sababu kivinjari kiliamua kidole kinatembeza ukurasa. Kinakutumia pointercancel na mburuto wako umekufa hapo. Weka kishikio kidogo kwenye kadi, zile nukta sita, na kishikio hicho peke yake kipewe touch-action ya none (mguso hapo usitembeze ukurasa). Kadi nzima usiipe, mtu atakosa mahali pa kushika ili atembeze ukurasa.

Picha inayofuata kidole unaichora mwenyewe, na hiyo ni baraka, maana unaweza kuipandisha juu ya kidole. Kidole kinafunika kisanduku kizima kwenye simu. Ipandishe pikseli 50 au 60, uipe pointer-events ya none (isikamate mguso), halafu kisanduku kilicho chini ukitafute kwa elementFromPoint. Juu kabisa ya skrini weka ukanda unaoandika alipo: "Jumatano, kipindi cha 5, wazi". Macho yake yatahamia huko baada ya dakika mbili tu za kuzoea. Mtetemo mfupi kadi inaponyanyuliwa unasaidia kwenye Android, lakini Safari ya iPhone haina mtetemo huo, kwa hiyo usiutegemee kusema jambo ambalo skrini haijalisema.

Na simu isionyeshe mikondo 8. Simu nyingi za bei ya kawaida zina upana wa pikseli 360 za CSS. Onyesha mkondo mmoja, siku 5 ziwe nguzo. Ukitoa nafasi ya namba za vipindi kila kisanduku kinabaki na pikseli 60 na kitu. Hapo kidole kinaenea.

Ila nikuambie ukweli wangu: kwenye simu mimi kuburuta nimekuweka nafasi ya pili. Njia ya kwanza ni kugusa kadi, jedwali linajibu vilevile kama imenyanyuliwa, kisha kugusa kisanduku. Msimbo wa mrejesho ni uleule mmoja, hali ya "kadi imenyanyuliwa" haijali imenyanyuliwa kwa njia gani. WCAG 2.2 iliyotoka Oktoba 2023 inadai hivyohivyo katika kifungu 2.5.7: chochote kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia ya kugusa tu. Anayetetemeka mikono atakushukuru, na mwenye simu yenye skrini iliyopasuka pia.

---

NuruHafifu

Ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa kwa kusikiliza, kwani macho yangu yanaona mwanga na vivuli tu. Mmejadili vizuri, nami naomba nafasi yangu ndogo.

Mrejesho wa macho mnaoujenga una pacha wake wa masikio, na mkishaandika maneno kama "Yuko I A" na "Jumatano, kipindi cha 5, wazi", kazi yangu mmekwisha kuifanya nusu. Maneno hayohayo yawekeni kwenye sehemu yenye aria-live, nami kisomaji changu cha skrini kitanisomea. Kwenye kibodi: kitufe cha nafasi kinyanyue kadi, mishale inihamishe kisanduku hadi kisanduku, kitufe hicho tena kidondoshe, Esc inirudishe nilikoanzia na iniambie kwamba nimerudi. Mshale ukinipeleka, uniruhusu kuruka visanduku vilivyofungwa, nisisomewe visanduku thelathini vinavyokataa ndipo nifikie nafasi moja.

Msitumie aria-grabbed wala aria-dropeffect mtakazozikuta kwenye mafunzo ya zamani. Zilipitwa na wakati tangu ARIA 1.1 (kanuni za alama za kusaidia visomaji vya skrini) ya mwaka 2017.

Na tafadhali andikeni lang="sw" kwenye ukurasa, yaani lugha ni Kiswahili. Kisomaji cha skrini cha NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, na eSpeak NG ina Kiswahili. Bila alama hiyo nasomewa "Jumatano" kwa matamshi ya Kiingereza, na hapo sijui niko siku gani.

---

FundiUyole

Wakuu, nimerudi. Siku 12 zimepita. Nilitaka nijaribu kwanza ndipo niandike.

Nilianza na lile la jedwali kujibu kadi inaponyanyuliwa, pamoja na mistari ya mshazari. Jumanne nikaenda ofisini kwa mwalimu saa tisa makusudi, jua likiwa palepale dirishani. Akanyanyua Fizikia ya Tatu B. Hakuisogeza. Aliishikilia tu, akatazama jedwali kama sekunde tano, akasema "Ahaa, Alhamisi," akaipeleka Alhamisi kipindi cha 2 moja kwa moja. Hakupita juu ya kisanduku kingine hata kimoja. Nilitamani mngekuwapo.

Lile la kubadilishana nimelijenga kama mwalimu mstaafu alivyosema, pande zote mbili. Shikamoo sana mwalimu, nimejifunza kwako kitu ambacho msimbo usingenifundisha. Kulikuwa na badiliko moja la Uraia na Kemia ambalo zamani programu ingelikubali. Safari hii kivuli cha nyumbani kikajaa mistari na maneno "Kemia: yuko II A". Akaachana nalo, akatafuta lingine.

Kwenye ukingo wa nukta wa kusubiri seva nilikosea mwanzoni, nikaufanya unafanana mno na kivuli cha nyumbani, ambacho nacho ni cha nukta. Aliuliza mbona kadi iko mahali pawili. Sasa kivuli ni cha nukta na hakina rangi ndani; kadi inayosubiri ina rangi yake kamili na alama ndogo ya saa pembeni. Dada BintiPangani, hapo nimekuacha kidogo, natumaini utanielewa. Pale mtandao unapozubaa, anaiona ile saa na anaendelea na kazi, hana wasiwasi tena.

Kwenye simu nimeweka gusa-gusa kwanza. Kuburuta kwa kishikio kupo, ila katika siku zote hizi sijamwona akitumia njia hiyo. Anagusa kadi, anatembeza ukurasa kwa raha, anagusa kisanduku. Kitufe cha Tengua nilikuwa nimekifanya kitoweke baada ya sekunde 5. Nimekiacha kikae mpaka hatua inayofuata, kwa sababu anapofikiria anamgeukia mwenzake mezani, wanajadiliana, ndipo anarudi kwenye skrini.

Ndugu NuruHafifu, lang="sw" ilikuwa haipo kweli. Imewekwa. Kibodi inafanya kazi, mishale inaruka visanduku vilivyofungwa ukishika Shift. Nikipata mtu wa kunijaribia kwa masikio nitaleta habari hapa, na kama wewe una nafasi ningefurahi sana.

Kilichobaki ni vipindi vya dabo vya maabara. Kadi ya dabo inachukua visanduku viwili mfululizo, na jedwali kwa sasa linaonyesha ukingo kwenye kimoja tu, kile kilicho chini ya kishale. Leo usiku naufanya ukingo uzunguke vyote viwili kama kitu kimoja, na kipindi cha 4 kifungwe kwa dabo, maana baada yake kuna mapumziko na mwalimu wa Kemia amekataa kabisa kuacha jaribio likichemka watoto wakienda kunywa uji.

---

Mwl_Taaluma

Marahaba mwanangu. Na kipindi cha 8 nacho kifunge kwa dabo, hakina cha kufuatia.

---

FundiUyole

Kweli mwalimu, hicho nilikuwa nimekisahau. Nakifunga sasa hivi.